Mwokota taka hodari hujulikana kwa anachokiacha

Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru wa Tanzania Bara hazikufanyika. Nchi nzima iliambiwa ishike mafagio. Tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa siku ya usafi, na huku Mtwara na Lindi utaratibu wake unajulikana. Watu wanakutana saa moja asubuhi, mgeni rasmi anavalishwa glovu mpya, picha zinapigwa, viroba vinapangwa mstari na kuhesabiwa. Taarifa ya jioni inataja idadi ya watu na idadi ya viroba. Haitaji aliyekanyaga msumari, aliyerudi nyumbani mikono ikimuwasha, wala aliyechomwa na sindano akaona aibu kusema.

Kasoro iko kwenye kipimo. Ukimpima mtu kwa kiroba alichojaza, ataokota kila kinachong'aa, na kisipong'aa atakifukua. Ndiyo maana makala haya yanasema jambo moja: usalama wa kuokota taka unaanza na vitu visivyookotwa. Kikundi kilichorudi na viroba 20 na kuacha vitu vitatu mahali pake, vikiwa vimewekewa alama na wahusika wameitwa, kimefanya kazi nzuri kuliko kilichorudi na viroba 60 na kila kitu kimo ndani.

Tuanze na kibaya kuliko vyote. Mwambao huu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, umeishi miaka mingi na uvuvi wa baruti. Doria zimeubana, lakini bahari hairudishi taarifa ya kila kilichotupwa ndani yake. Chupa au kopo lililoshindiliwa kitu, mdomo ukiwa umezibwa na utambi au uzi mnene umejitokeza, si chupa tena. Hata kama limelowa na kuota magamba ya bahari, liache. Kibaya zaidi kwa watoto ni kimirija cha bati kinachong'aa, kinene kama kalamu, urefu wa kidole, chenye nyaya mbili nyembamba au uwazi upande mmoja. Hicho ni kiwashio cha baruti. Kikibanwa au kikigongwa kinaweza kuondoka na vidole. Hapo hakuna cha kufanya kwa mkono. Chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu hatua kadhaa kabla ya kukifikia, rudisha watu wote nyuma mita 100 au zaidi, kisha piga 112. Usikimwagie maji, usikifukie, usikisogeze kwa reki ili kipatikane vizuri kwenye picha. Na simu ipigwe huko nyuma waliko watu, si pembeni ya chupa.

Madumu yaliyoletwa na bahari yanafuata. Dumu tupu, jepesi, halina kizibo, hilo ni taka. Dumu lenye kitu ndani na kizibo kimekaza ni fumbo, na fumbo la namna hiyo halifumbuliwi kwa pua. Watu wetu wana tabia ya kufungua na kunusa wajue kama ni dizeli au mafuta ya kula. Kemikali nyingine huumiza mapafu kwa pumzi moja. Liache limesimama, lisibiringishwe, na ofisa mazingira wa halmashauri aambiwe lilipo.

Kusini tuna taka ambayo mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya fukwe za Ulaya hauwezi kuitaja: ganda la korosho. Karibu robo ya uzito wa ganda hilo ni mafuta, na mafuta hayo ni makali. Yana asidi ya anakadi na kadoli, zinazounguza ngozi. Mama anayebangua anajua hilo, ndiyo maana hupaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kukaa kwenye kazi. Kijana aliyeletwa na shule kufanya usafi nyuma ya jengo la ubanguaji hajui. Anazoa maganda kwa mikono miwili kwa sababu hayaumi. Kuuma kunakuja baadaye: ngozi inawasha, inageuka nyeusi, inatoa malengelenge, kisha inabanduka. Na mkono haukai mahali pamoja. Umefuta jasho usoni, umeshika jicho, umekwenda msalani. Mafuta yamefika kote huko.

Mambo matatu kuhusu maganda haya hukosewa mara kwa mara. La kwanza ni glovu nyembamba za hospitali. Zile za mpira wa asili hulainika na kuoza zikikutana na mafuta, kwa hiyo mtu anadhani amejikinga kumbe ameshikilia mafuta ndani ya mfuko. Zinazofaa ni za naitraili, mpira wa kiwandani, au zile nene za plastiki za kufanyia kazi, na juu ya yote beleshi: ganda la korosho halina sababu ya kuguswa na mkono. La pili ni kunawa kwa maji matupu. Mafuta hayaondoki kwa maji. Yanahitaji sabuni nyingi, maji mengi, na kurudia. La tatu ni kuchoma lundo "ili kazi iishe". Moshi wake unabeba yale yale mafuta hadi machoni na kooni, na upepo wa kusi utaupeleka kwa jirani ambaye hakuja hata kwenye usafi.

Salfa nayo ina msimu wake. Kuanzia Mei hadi Agosti, wakati mikorosho inapuliziwa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, mifuko mitupu ya salfa na chupa za viuatilifu vya maji hutapakaa chini ya miti, kwenye mitaro na kando ya njia za shamba. Mfuko wa kilo 25 haujawahi kuwa mtupu kweli. Kwenye mikunjo yake hubaki unga. Ukiukung'uta, unga unaingia machoni. Ukiutia kwenye moto wa takataka, salfa inawaka na kutoa gesi inayobana kifua, na mwenye pumu anaweza kuanguka hapo hapo. Kwa hiyo mifuko hii ina kiroba chake peke yake chenye alama, inakunjwa taratibu upepo ukiwa mgongoni mwa anayekunja, na haichanganywi na karatasi zinazokwenda kuchomwa. Chupa za viuatilifu hazisuuzwi na waokotaji. Kuzisuuza mara tatu ilikuwa kazi ya aliyepulizia, siku ile ile, na maji yale yakarudi kwenye mashine yake ya kupulizia. Wewe unayeikuta mwezi mmoja baadaye unaifunga kizibo kama kipo, unaibeba kwa koleo, basi. Na mfuko wa salfa haugeuzwi kuwa kiroba cha kuokotea taka nyingine, jambo ambalo limezoeleka kwa sababu ni mfuko mgumu na ni wa bure.

Kitu kimoja hatari kinaruhusiwa kuokotwa, lakini si na kila mtu. Sindano. Zinaonekana nyuma ya maduka ya dawa, kwenye majalala ya mtaani, kwenye mitaro baada ya mvua, na kwenye fukwe jirani na miji. Kila kikundi cha watu watano au sita kiwe na mtu mmoja tu wa sindano, aliyeelekezwa kabla, mwenye koleo refu na chombo kigumu chenye mfuniko wa kukaza. Dumu la plastiki nene la lita 5 linafaa. Chupa ya maji ya kunywa haifai, inatobolewa na sindano kama karatasi. Namna ya kufanya ni hii. Chombo kinawekwa chini, kando ya sindano. Hakishikwi mkononi wala hakishikiliwi na mwenzako, kwa sababu mkono unaoshikilia chombo ndio unaochomwa. Sindano inabanwa katikati ya bomba lake, ncha ikielekea mbali na mwili, inaingizwa ncha ikitangulia. Kifuniko chake kilichoanguka pembeni kinaokotwa peke yake. Hakirudishwi kwenye ncha hata kwa ustadi gani. Dumu likifika robo tatu linafungwa na halifunguliwi tena. Kabla ya Jumamosi hiyo mwandaaji awe ameshazungumza na kituo cha afya kitakachopokea dumu hilo na kulipeleka kwenye tanuri la kuchomea, maana dampo si mahali pake. Pasipo makubaliano hayo, sindano ziachwe zilipo, ziwekewe alama, na bwana afya aitwe.

Akichomwa mtu? Asikamue kidonda, asinyonye, asimwagie spiriti wala jiki. Maji yanayotiririka na sabuni, kisha hospitali, siku hiyo hiyo, bila kusubiri kazi iishe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Zikianza zinamezwa siku 28. Homa ya ini aina ya B ndiyo inayosahaulika zaidi, wakati kirusi chake kinaweza kukaa hai siku 7 au zaidi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka. Ina chanjo. Anayeokota taka kila mwezi angefanya vizuri kuipata, pamoja na ya pepopunda. Mtwara mjini mtu anakimbizwa Ligula, Lindi anapelekwa Sokoine, na aliye njiani Masasi ana Ndanda. Majina haya na namba ya dereva yaandikwe kwenye karatasi iliyo ndani ya kisanduku cha huduma ya kwanza. Damu ikitoka, wenye kumbukumbu nzuri nao husahau.

Sasa bahari, ambayo haifuati kalenda ya ofisi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi inawekwa na tarehe. Maji yanawekwa na mwezi. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, na katika pwani yetu bamvua ina saa zake zinazojirudia: maji hupwa kabisa kwenye saa nne na hujaa kwenye saa kumi. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mambo yamegeuka na saa nne asubuhi ndipo bahari imejaa. Hapo watu waliotangaziwa kukutana Shangani au Mitwero saa tatu watakuta mchanga umebaki kipande, taka ziko chini ya vichaka vya juu, na kila mtu anasukumana kwenye miiba na mawe. Hilo ni udhia tu. Hatari iko upande wa pili.

Wakati wa bamvua maji hukimbia mbali, na uwanda mzima wa mwamba na mchanga unabaki wazi. Nyavu zilizokatika, kamba na plastiki zinaonekana kule nje, na watu wenye ari wanazifuata. Tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo hupita mita 3. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanapanda kidogo, ya pili zaidi, na katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote. Yaani mita moja na nusu ndani ya saa mbili, shingoni kwa mtu mzima. Tena hayaji kwa mbele pekee. Yanaingia kwanza kwenye vijito vya nyuma, kati ya mwokotaji na ufukwe, wakati yeye ameinama anakata wavu. Mvuvi wa pweza analijua hili tangu utoto. Mtumishi aliyehamia kutoka bara hana alikolijulia.

Kanuni inayofanya kazi ni rahisi. Anza saa mbili kabla ya maji kupwa, fuata maji yanavyotoka, na yakisimama geuza uso nchi kavu. Bamvua ya saa nne maana yake kazi ianze saa mbili asubuhi na saa nne na nusu kila mtu awe juu ya mstari wa mwani. Mtu mmoja asiokote chochote. Kazi yake iwe kutazama maji na kupiga filimbi. Kamati za mazingira za kata zingepaswa kuruhusiwa kusogeza usafi wa ufukweni hadi Jumamosi iliyo karibu na bamvua, na tarehe ile ya kitaifa ikabaki kwa mitaa, masoko na mitaro. Sioni kitakachoharibika. Jedwali la maji lipo bandarini, na pasipo jedwali manahodha wa Kilwa Kivinje au pale kivuko cha Msangamkuu watakuambia bila kutazama karatasi.

Ndani ya maji ya magotini miguu iburuzwe, isiinuliwe. Taa hulala chini ya mchanga. Akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni hupiga kwa mwiba wa mkia. Samaki jiwe hakimbii hata akiburuziwa, kwa hiyo viatu viwe vya soli ngumu, si ndala. Konokono wa bahari wenye umbo la pia, wale wazuri wenye michoro, wasitiwe mfukoni wakiwa hai: wana mshale wa sumu na aina mojawapo imewahi kuua watu. Aliyechomwa na taa au samaki jiwe atumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi joto 45, kwa dakika 30 hadi 90, akielekea hospitali. Sumu hiyo inavunjwa na joto. Maji yapimwe kwanza na mkono wa mtu mzima wa afya, kwa sababu mguu ulioumia hausikii sawasawa na unaweza kubabuka. Ndiyo maana kisanduku cha huduma ya kwanza cha pwani kiwe na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto na beseni. Bendeji pekee hazitoshi huku.

Kwenye mikoko, hasa ghuba ya Mikindani na mdomo wa Mto Lukuledi, adui ni tope na chaza. Magamba ya chaza hukata kama wembe na kidonda cha maji ya chumvi huvimba haraka. Watu waende wawiliwawili, kila mmoja na fimbo ya kupimia, wakanyage penye mizizi. Aliyezama hadi mapajani asivutwe mikono. Alale nyuma, atikise mguu mmoja mmoja hadi maji yaingie pembeni ya mguu, ndipo utoke. Kiatu kikibaki, kibaki. Na kule mpakani, kingo za Ruvuma si mahali pa kuokota chupa zilizokwama kwenye matete. Mamba wapo.

Turudi nchi kavu, kwenye vifaa, maana hapo ndipo fedha hupotea. Vikundi vingi hununua boksi la glovu za hospitali kwa sababu ni rahisi na zinatosha watu wengi. Glovu hizo zinazuia uchafu, hazizuii kioo, bati wala msumari. Glovu za kazi za kitambaa zilizopakwa mpira kiganjani ni bora kwa karibu kila kazi, zinafuliwa, na zinadumu. Hata hivyo hakuna glovu ya kawaida inayozuia sindano, hata ya ngozi. Kinga halisi ya mkono ni umbali, na umbali unapatikana kwa koleo. Koleo la mkaa lipo kila nyumba. Fundi wa kuchomelea anaweza kulirefusha hadi sentimita 70 au 80, mtu aokote bila kukunja mgongo mara elfu moja kwa asubuhi. Mafagio ya chelewa hayafai penye vioo: yanarusha vipande kwenye miguu ya mwenzako.

Kiroba kijae nusu, kisizidi kilo 10 hadi 12. Kisikanyagwe wala kushindiliwa kwa mkono ili "kiingie kingine", kisibebwe mgongoni wala kukumbatiwa. Kishikwe shingoni, mbali na paja. Majeraha mengi ya viroba hutokea wakati wa kupakia kwenye kirikuu au guta, mtu anapokirusha kwa kukisukuma na goti. Vioo viende kwenye ndoo, si kwenye kiroba. Wavu uliofukiwa usivutwe na watu wanne kwa kelele za harambee: mchanga uliolowa una uzito wa karibu kilo 2 kwa lita, na ndoo moja ya lita 20 ni kama kilo 40. Fukua kidogo kwa beleshi, kata kwa kisu cha meno, chukua kilichotoka. Migongo ya watu wa Kilwa haina bima ya kuvuta wavu wa mwaka juzi.

Tairi, bati lililolala, mbao na mabaki ya nazi yaliyorundikana viinuliwe kwa kutumia fimbo au ndoano, upande wa mbali ukitangulia kuinuka, ili kilicho chini kitoroke upande usio wako. Kifutu hakimbii, hukaa akitegemea kutoonekana. Nge na tandu hupenda unyevu wa chini ya plastiki. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe chale, asinyonywe sumu, asifungwe kamba ya kuzuia damu. Pete na saa zitolewe, kiungo kitulizwe kisitikisike, abebwe. Baada ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024, maji yalipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, mafuriko yaliacha nyuma yake mabati, misumari, magogo na vifusi. Kwenye lundo la namna hiyo, ongeza nyaya za umeme kwenye orodha ya vitu vya kuacha: mita 10, hata kama mtaa mzima hauna umeme, kwa sababu utarudi bila kupiga hodi.

Kando ya barabara kuu tatizo ni mwendo. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Mtu aliyeinama akiliona likiwa mita 100 ana sekunde nne na nusu. Malori ya makaa ya mawe na saruji yanayokwenda na kutoka Mtwara hayasimami kwa sekunde hizo. Kwa hiyo okota upande wa kulia, uso ukitazama magari yanayokuja, mstari mmoja, nje ya lami. Vizibao viwe vyenye riflekta. Mtu wa bendera nyekundu akae mita 150 kabla ya kikundi, na kona kali zisiokotwe bila askari wa usalama barabarani. Chupa zenye kimiminika cha njano zilizorushwa na madereva zisifunguliwe ili kumwaga. Kila mtu anajua ni nini, na bado kuna anayefungua.

Madimba na Songo Songo zimetuletea alama nyingine ya kuheshimu: nguzo za bomba la gesi. Penye nguzo hizo hapachimbwi shimo la taka na hapawashwi moto. Kwa ujumla moto wa mwisho wa usafi ni desturi mbaya kuliko taka zenyewe. Makopo ya dawa ya mbu na ya marashi hulipuka, betri hutoa asidi, na plastiki ngumu ya mabomba hutoa moshi unaochoma koo.

Joto nalo. Kikombe kimoja cha maji kila dakika 20, karibu lita 3 kwa saa nne, hata kama mtu hana kiu. Anayeacha kutoka jasho, anayeongea hovyo au kutapika si mvivu: kivuli, kumwagiwa maji mwilini, upepo, hospitali.

Watoto wa shule ya msingi wasipelekwe majalalani, kwenye mitaro wala barabarani. Hili halina mjadala kwangu, hata kama ni wengi, wanatii na hawadai posho. Mtoto wa miaka 9 mwenye ndala, akiokota kwa mkono ili darasa lake lishinde, ndiye atakayekuta kile kimirija kinachong'aa. Wapewe uwanja wa shule, au kazi ya kuhesabu na kuandika aina za taka zilizokwishawekwa mezani.

Limebaki gonjwa ambalo Lindi haikulisikia kwenye redio tu. Julai 2022, Ruangwa ilipata homa iliyotisha watu, wengine wakitokwa damu puani. Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, na watu watatu walikuwa wamefariki. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Mtaro wenye maji yaliyotuama na lundo la mabaki ya chakula ni makazi ya panya. Kwa hiyo kidonda kifunikwe kabla ya kazi, gambuti zivaliwe mtaroni, na chai ya pamoja isigawiwe mpaka kila mkono umeoshwa kwa sabuni. Maandazi na glovu zenye tope havikai meza moja. Penye maji baridi yaliyotuama hakuna kuingia miguu mitupu, kwa sababu ya kichocho. Makopo na vifuu vyenye maji vimwagwe kwa kupinduliwa na fimbo. Mbu wa dengi huzaliana humo.

Homa ya mgunda huweza kujitokeza popote kati ya siku 2 na siku 30, mara nyingi juma la kwanza au la pili. Mtu anayeugua siku ya 12 ameshasahau mtaro wa Jumamosi ile. Anakwenda zahanati, anapimwa malaria, haionekani, anarudishwa na panado. Hapo ndipo orodha ya majina iliyoandikwa asubuhi, ya wote waliofika, mtaa waliofanyia kazi na namba zao za simu, inapokuwa na kazi ya pili. Asubuhi ilitumika kuhesabu watu kabla ya kutawanyika na baada ya kurudi, asibaki mtu mikokoni. Baada ya hapo ikae kwa mtendaji wa mtaa siku 30, na kila aliye kwenye orodha awe ameambiwa maneno haya ya kumwambia daktari: niliokota taka mtaroni, tarehe fulani.